Siku tano kwenye lifti za viti Colorado: za polepole, fupi na za kasi

Lifti za viti ni viti vinavyoning'inia kwenye kebo na kuwapandisha mlimani wanaoteleza kwenye theluji kwa skii. Daftari la safari hii lilikuwa na safu nne tu: jina la lifti, sekunde kati ya kiti na kiti, dakika za kupanda, na mara ngapi ilisimama. Yaliyomo humu yametokana na daftari hilo, stakabadhi na picha nyingi za nguzo na roda, yale magurudumu yanayobeba kebo. Picha za mandhari ziko kwa kila mtu. Za roda hazina mwenyewe.

Swali lilikuwa moja. Uwanja wa skii ukisifia lifti yake mpya ya kasi, anayepanga foleni anapata nini hasa?

Siku ya 1, Alhamisi: Denver hadi Loveland

Denver iko mita 1,609 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo barabara kuu ya I-70 inapanda moja kwa moja kuelekea magharibi. Loveland, uwanja wa kwanza wa skii, ni kama kilomita 85, karibu saa moja na robo njia ikiwa wazi. Wikendi ni habari nyingine: ukiondoka baada ya saa kumi na mbili asubuhi, hesabu saa mbili au zaidi.

Kwa mwenye gari la kukodi, sheria ya matairi ndiyo jambo la kwanza kuulizia. Kati ya Morrison na Dotsero, kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, gari linaloendeshwa na magurudumu mawili ni lazima liwe na matairi ya theluji au ya matope na theluji yenye kina cha mfereji wa karibu milimita 5, au libebe minyororo. Kampuni nyingi za kukodisha hazitoi minyororo, na baadhi zinakataza isifungwe. Uliza kabla ya kutia saini. Ukiifunga, funga kwenye magurudumu yanayosukuma gari, nenda mita mia moja, simama, kaza tena. Asiyekaza mara ya pili huisikia ikipiga bodi ya gari kabla hajafika kilomita moja. Pale Georgetown mzee mmoja mwenye pikapu alimshikia taa ya mkononi kijana aliyekuwa akihangaika na ndoano za minyororo gizani, akamwonyesha upande wa ndani unaofungwa kwanza, akaondoka bila hata kutaja jina.

Loveland imekaa juu kabisa ya handaki la Eisenhower, yaani malori ya I-70 yanapita chini ya miguu ya watu wanaoteleza. Maegesho ni bure. Hoteli mlimani hakuna, kwa hiyo malazi ni Georgetown upande huu au Frisco na Silverthorne ng'ambo ya handaki.

Hapa tofauti kubwa ya lifti inaonekana katika asubuhi moja. Chet's Dream, iliyowekwa mwaka 2018, ndiyo lifti ya kwanza ya kasi uwanjani hapo. Lifti namba 9, inayofika mita 3,871 kwenye ukingo wa milima, ni ya polepole. Zote mbili zina viti vya watu wanne. Ukisimama mbali huoni tofauti. Simama kituo cha chini utazame mahali kiti kinaposhika kebo.

Kwenye lifti ya polepole, kiti kimefungwa kwenye kebo moja kwa moja. Kebo ikienda, kiti kinaenda. Kebo ikisimama, kila mtu angani anasimama. Kwa kuwa mtu anakalia kiti kikiwa katika mwendo uleule wa njiani, mwendo haupiti sana mita 2.3 hadi 2.5 kwa sekunde. Zaidi ya hapo kiti kinampiga mtu nyuma ya magoti na kumwangusha.

Kwenye lifti ya kasi, kiti kina koleo lenye springi. Kikiingia kituoni, mkono wa koleo unapanda reli inayoubana, taya zinafunguka, kebo inaendelea na safari yake, na kiti kinabaki kikisukumwa na msururu wa matairi madogo. Kila tairi linazunguka polepole kuliko lililotangulia, mpaka kiti kinapita mbele ya abiria kwa karibu mita moja kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea. Upande wa kutokea mambo yanageuzwa: matairi yanakiharakisha hadi kilingane na kebo, taya zinabana, na vihisi vinapima kama zimebana sawasawa. Kipimo kikikosewa, lifti nzima inasimama yenyewe. Njiani mwendo ni mita 5 kwa sekunde, wakati mwingine zaidi kidogo. Sauti ya matairi yale ndiyo alama ya haraka ya kuitambua lifti ya kasi hata ukiwa umefumba macho.

Namna ya kupanda, kwa asiyewahi: fimbo zote mbili mkono mmoja, ule wa ndani. Mkoba utoke mgongoni uje kifuani, na mikanda yake isining'inie, kwa sababu mkanda unaonasa kwenye kiti wakati wa kushuka ni hatari kuliko kuanguka. Kiti kilichotangulia kikipita, sogea upesi hadi kwenye mstari, angalia nyuma juu ya bega la nje, shika nguzo ya kiti au egemeo lake, kaa. Shusha pao, yaani fito la usalama linalokuja mbele ya waliokaa. Huku magharibi mwa Marekani wengi hawalishushi, lakini ukisema "pao linashuka" hakuna atakayekatalia. Kushuka: nyanyua ncha za skii, subiri zikanyage theluji, simama, nenda mbele mpaka uwaachie nafasi walio nyuma. Wengi huanguka kwa kusimama mapema mno, au kwa kushikana na jirani.

Chakula cha mchana: bakuli la mchuzi wa pilipili za kijani na nyama ya nguruwe, dola 14 na mkate. Wasiokula nguruwe waulize. Jikoni huwa kuna sufuria ya maharage.

Siku ya 2, Ijumaa: Kupita Loveland Pass hadi Arapahoe Basin

Badala ya handaki, barabara ya zamani ya US 6 inapanda hadi mita 3,655 kisha inashuka Arapahoe Basin, uwanja wa pili, kama kilomita 13 tu lakini kona baada ya kona. Malori ya mafuta na kemikali hayaruhusiwi handakini, hivyo ndiyo utakayokutana nayo huku. Theluji ikizidi au kukiwa na hatari ya maporomoko, barabara hufungwa bila kubembelezana. Angalia hali ya barabara usiku na tena asubuhi.

Kwa wenzetu waliopanda Kilimanjaro: kibanda cha Horombo kiko mita 3,720, na watu hutumia siku mbili kukifikia kwa miguu. Lifti za Arapahoe Basin zinakupandisha hadi karibu mita 3,800 asubuhi hiyohiyo uliyoamkia bondeni. Mwili hauna habari kwamba umekaa kitini. Kichwa kikianza kugonga na chakula kikikataa kushuka, shuka wewe. Ndiyo maana siku iliyotangulia ile Alhamisi, kabla ya lifti yoyote, ilitumika Denver.

Lifti ya kuangalia hapa ni Pallavicini. Ilikuwa ya watu wawili tangu 1978. Mwaka 2020 ilipong'olewa, wengi walitarajia ya kasi ya watu wanne au sita. Uwanja ukaweka nyingine mpya ya watu wawili, ya kufungwa kwenye kebo, polepole kama mama yake. Si uchoyo. Mteremko ulio chini yake ni mkali na mwembamba, na theluji yake nzuri hudumu kwa sababu watu wanaoufikia kwa saa ni wachache. Kiti cha wawili kikipita kila sekunde 6 ni watu 1,200 kwa saa. Kwa mteremko ule wanatosha. Miaka miwili baadaye, upande ulio mpana zaidi wa mlima, uwanja huohuo ukaweka Lenawee Express ya watu sita, ya kasi. Wanajua wanachokifanya: mwendo wa lifti wanauchagua kwa kuutazama mteremko.

Hapa ndipo hesabu ya safari nzima ilipokaa sawa, kwa hiyo tuikalie kidogo.

Uwezo wa lifti hautokani na mwendo wake. Unatokana na mambo mawili: viti vina nafasi ngapi, na sekunde ngapi zinapita kati ya kiti na kiti. Gawa 3,600 kwa sekunde hizo, zidisha kwa nafasi. Kiti cha wanne kila sekunde 6 ni watu 2,400 kwa saa, lifti iwe ya kasi au ya kobe. Chukua mfano wa mita 1,500. Lifti ya polepole kwa mita 2.3 kwa sekunde inatumia dakika karibu 11, na viti vyake vinaachana mita 14 hivi. Wakati wowote ikijaa kuna viti 109 vinavyopanda, yaani watu zaidi ya 430 angani. Ya kasi kwa mita 5 inatumia dakika 5. Viti vinaachana mita 30, viti 50, watu 200 angani.

Je, wale 230 wengine wako wapi? Wako mteremkoni, au wako kwenye foleni mbele yako. Siku ya watu wachache wanapotea mlimani na kasi ni faida tupu: unapanda mara nyingi zaidi. Siku ya watu wengi, dakika 6 ulizookoa angani unazirudisha ukiwa umesimama chini, na miteremko imejaa. Kwenye kiti cha polepole angalau umekaa.

Mara zote ilizosimama Pallavicini siku hiyo, sababu ilikuwa kupanda au kushuka: mtu amekosa kukaa, au kaanguka kwenye kimteremko cha kushukia kule juu. Mhudumu wa kituo cha chini, akimwona mzee mwenye goti bovu anakaribia, alikuwa akipunguza mwendo na kukishika kiti kwa mkono kisimgonge. Kwa lifti ya kufungwa, hisani hiyo inalipiwa na kila aliye angani, na hakuna aliyelalamika.

Siku ya 3, Jumamosi: Frisco

Upepo. Lifti za juu zilifungwa, I-70 ilikuwa mkia wa taa nyekundu, na siku ikaishia mjini kwa kukausha soli za viatu.

Kuhusu upepo, neno moja. Kiti kitupu ni chepesi na ndicho kinachoyumba, kwa hiyo lifti hufungwa hata pale wewe mzito unapoona unaweza kuvumilia. Hofu ni kiti kugonga nguzo, au kebo kuruka kwenye roda. Pembeni mwa roda kuna vijiti vya chuma dhaifu vyenye waya wa umeme. Kebo ikiruka inavivunja, umeme unakatika, breki zinashika. Barafu ndogo kwenye kijiti inaweza kuleta kengele ya uongo, na fundi anapaswa kupanda nguzo ile kuthibitisha kwa macho. Hapo ndipo zinapokwenda zile dakika ishirini ambazo abiria hawaambiwi sababu. Umeme wa gridi ukikatika, kuna injini ya dizeli ya akiba ya kuwafikisha watu juu polepole. Usiruke kamwe.

Na kwa wapenda asili ya vitu: lifti ya viti ya kwanza ilianza kazi Sun Valley, Idaho, mwaka 1936. Aliyeibuni ni James Curran, mhandisi wa reli ya Union Pacific huko Omaha, aliyewahi kushughulikia mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini kwa ndoano zinazotembea kwenye waya. Akabadili ndoano kuwa kiti. Walipojaribu kama mtu anaweza kukalia kiti kinachotembea, walikining'iniza kiti ubavuni mwa lori. Mwendo ule waliouona unafaa haujabadilika sana. Kiti cha Pallavicini bado kinautii.

Siku ya 4, Jumapili: Breckenridge

Mabasi ya Summit Stage ni bure na yanaunganisha Frisco na Breckenridge, umbali wa kama kilomita 16. Maegesho karibu na lifti yanalipiwa na hujaa asubuhi, hivyo basi linashinda gari. Gondola (vibanda vinavyoning'inia kwenye kebo) ya kutoka mjini kwenda Peak 7 na Peak 8, vilele viwili vya uwanja huo, nayo ni bure. Kinachouma ni tiketi ya mlima: dirishani, kilele cha msimu, siku moja hupita dola 200. Wenye akili hununua pasi kabla ya majira ya baridi kuanza.

Mwaka 1981, kwenye Peak 9, Breckenridge iliweka Quicksilver, lifti ya kwanza duniani ya viti vya watu wanne vya kuachia kebo. Iliyopo leo ina viti vya sita na hupakia sehemu mbili: viti vinapokezana, kimoja kwa foleni hii, kingine kwa ile, hivyo kila kundi linapata muda wa kujipanga ijapokuwa viti vinafuatana upesi. Ni ushahidi kwamba kizuizi si mota. Kizuizi ni binadamu na skii zake, anayehitaji sekunde tano au sita kusogea, kugeuka na kukaa.

Jumapili ile foleni ndiyo ilikuwa somo. Kiti cha sita kikipanda na watu wanne, theluthi ya uwezo wa lifti imekwenda hewani. Ndiyo maana kuna mlango wa mtu mmojammoja wa kujaza nafasi. Ukiwa na mwenzako, achaneni chini mkutane juu. Kwa siku yenye msongamano mlango huo unakwenda upesi zaidi. Bibi mmoja mwenye koti la zambarau alikuwa akiwapanga wageni mbele yake, "wawili hapa, wanne kule," kana kwamba ameajiriwa. Hakuwa ameajiriwa.

Sasa lifti fupi. Kituo cha lifti ya kasi, na reli zake, matairi na vihisi, hugharimu karibu sawa iwe njia ni mita 400 au 2,000. Kwa mita 400, lifti ya polepole ni dakika 3; ya kasi ni dakika moja na theluthi njiani, pamoja na sekunde za kujikokota vituoni. Umeokoa dakika moja kwa fedha nyingi. Kwa kawaida lifti fupi ibaki ya kufungwa kwenye kebo, basi.

Breckenridge ina mifano miwili ya kuivunja kanuni hiyo, na yote ina sababu. Rip's Ride, ya wanaojifunza pale Peak 8, ilikuwa ya watu wawili ya polepole mpaka 2022 ilipobadilishwa kuwa ya kasi ya wanne. Kilichonunuliwa pale ni utaratibu wa kupanda, maana kiti kinapita kituoni taratibu na mtoto anakaa bila kugongwa. Mara zile za kusimama kila dakika mbili ndizo zilizokuwa zikiila lifti ya zamani. Kwa mwanafunzi, lifti ya kasi ndiyo ya polepole pale inapomhusu.

Wa pili ni Imperial Express, iliyofunguliwa 2005, inayofika mita 3,914, juu kuliko lifti yoyote ya viti Amerika ya Kaskazini. Ni fupi, na hakuna atakayetaka kukaa muda mrefu kwenye ukingo ule. Hufunguliwa kwa kuchelewa, baada ya walinzi wa mlima kushughulikia hatari ya maporomoko, na upepo ukiamka inafungwa. Huko juu hakuna njia rahisi ya kushuka. Asiyeweza mteremko mkali asipande kwa ajili ya picha. Vaa glavu nzito: kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, mita 5 kwa sekunde ni upepo wa kujitengenezea mwenyewe hata hewa ikiwa imetulia.

Siku ya 5, Jumatatu: Copper Mountain na kurudi Denver

Copper ni kama kilomita 10 kutoka Frisco, na Jumatatu haina foleni. American Flyer ya mwaka 2018 ni ya kasi, watu sita, na ina kifuniko cha plastiki kinachoshushwa mbele ya abiria. Kishushe baada ya pao, kipandishe nguzo moja au mbili kabla ya kufika. Wanaosahau hujikuta wakipigana na mfuniko huku ncha za skii zinagusa theluji. American Eagle ya mwaka huohuo inachanganya viti na vibanda vya gondola kwenye kebo moja, na foleni zake ni tofauti. Soma kibao, kwani aliyevaa viatu vya kawaida anakwenda kibandani.

Halafu kuna Three Bears, iliyowekwa 2019 kuelekea Tucker Mountain ambako zamani watu walipelekwa na gari maalumu la kutambaa juu ya theluji. Ni ya watu watatu, imefungwa kwenye kebo, haina haraka. Foleni ilikuwa ya watu wanne. Lifti ya kasi kwenye miteremko mipana na ya polepole kwenye ule mkali, wazo lilelile la Arapahoe Basin.

Ukitaka kuipima lifti mwenyewe, saa ya simu inatosha. Hesabu sekunde za viti kumi vinavyopita mstari wa kupandia, gawa kwa kumi. Hesabu watu halisi waliokaa kwenye viti hivyo kumi. Kisha tazama foleni ina watu wangapi. Foleni ya watu 200 mbele ya lifti inayopandisha 40 kwa dakika ni dakika 5, hata ikionekana ndefu. Foleni ya 60 mbele ya lifti ya watoto inayosimamasimama inaweza kuizidi.

Kurudi Denver, ondoka kabla ya saa nane mchana au ngoja mpaka usiku. Njia ya kulipia ya upande wa kushoto karibu na Idaho Springs bei yake hupanda kadiri msongamano unavyopanda, imeandikwa kwenye ubao kabla ya kuingia. Mafuta ni nafuu ukishuka uwandani. Minyororo ioshwe kwa maji ya moto usiku huohuo na kuanikwa, la sivyo chumvi ya barabarani inaila kabla ya safari ijayo.